Kornel Kiwale Mallya (1939–2006): Mtunzi wa Nyimbo Asiyeiamini Kompyuta Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee, poleni wafiwa wote. Mimi ni Hosea, marehemu ni baba yangu mkubwa. Yeye hakupenda kitu kiongezwe chumvi, kwa hiyo nitasema kilichokuwepo.

Mzee Kornel alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 hapa hapa Kibosho, kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo tunamomlaza leo. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, mwaka 1955, na huko padri mmoja akamfundisha noti za nyimbo. Baadaye akajifunza kupiga taipu Moshi mjini.

Kuanzia 1960 mpaka 1994 alikuwa karani wa ofisi ya kahawa. Nadhani wasiwasi wake wa kutoamini kitu upesi ulitokea huko. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku na magari yao, alikuwa anasema, "Mgeni akikuchekea kabla hajanywa mbege yako, chunguza mzani wake."

Alifunga ndoa na Mama Lukresia tarehe 9 Januari 1965. Mama anasema hata baada ya posa kupokelewa, alirudi tena kuuliza kama kweli amekubaliwa.

Mwaka 1993 alinunua kompyuta iliyotumika, akaipandisha Kibosho imefungwa blanketi. Ilikuwa ya DOS, skrini nyeusi na maandishi tu. Humo aliandika nyimbo zote alizoitungia kwaya ya kigango chetu. Madaftari yake yalishaliwa na mchwa, kwa hiyo hazikuwepo kwingine.

Mwaka 1997 Filbert, fundi kompyuta wa mtaa wa Majengo, Moshi mjini, akamwambia, "Mzee, hii yako imepitwa. Nakuwekea Windows 95, unabofya picha tu."

"Na nyimbo zangu zitalala wapi wakati unabomoa nyumba?"

"Zitakuwepo mzee, tulia."

Hazikuwepo. Filbert alifuta diski kabla hajazinakili. Baba Mkubwa alikaa kutwa mbele ya zile picha mpya, hagusi kitu, hali.

Jumapili yake Filbert akapanda na mjomba wake, mkononi ana jani la isale. Sisi huku isale ikifika mlangoni huwezi kukataa kusamehe. Baba Mkubwa akalipokea.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Hiyo mashine haijaniletea isale."

Akaita kwaya sebuleni. Waliimba, yeye anaandika upya. Besi wakabishana mpaka Eunike wa sauti ya kwanza akapaza, "Mwalimu, hapo ulitufundisha tushuke, usitugeuke!" Zikarudi zote. Tangu hapo ikawa sheria: kabla mfumo haujabadilishwa, kwaya iimbe kwanza. Mwaka 2003 mwanae Pamela alipomletea ya Windows XP kutoka Dar, waliimba mpaka mbege ikaisha, ndipo Filbert akaruhusiwa kushika waya. Na bado alisimamiwa mgongoni: "Umebofya nini hapo? Rudi nyuma nione."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2005. Alilazwa Moshi mjini, na kila dripu aliuliza nani kaileta. Kitandani akatunga wimbo wa mwisho. Pamela akamwambia, "Baba, ngoja niuandike kwenye kompyuta usije ukapotea."

"Mpe mama yako," akajibu.

Wakaimba wawili, taratibu, mpaka mama akaushika wote. Alifariki Ijumaa alfajiri, tarehe 11 Agosti 2006.

Ameacha mjane, Mama Lukresia, watoto watatu, Martin, Victoria na Pamela, wajukuu, na kwaya yake.

Wimbo ule haujaandikwa popote. Umo kwa mama peke yake. Nikimaliza kusoma ataanzisha yeye, kwaya ipokee, na sisi wote tuushike, kila mtu aende nao kwake. Filbert, nakuona huko nyuma. Na wewe imba.

Pumzika kwa amani, Baba Mkubwa. Kompyuta tumeizima na kuifunika. Hakuna atakayeigusa mpaka tumalize kuimba.