Nafasi Inafungwa Saa Kumi na Mbili

Benchi letu liko katikati ya kinyozi na kibanda cha Fundi Kipara, mtengenezaji wa simu na kompyuta. Kahawa namimina mimi, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapo hupitia masikioni mwangu kwanza. Alasiri hiyo Fundi alikuwa anatamba. Mpwa wake, binti aliyemaliza shahada ya uzamivu kwa kuchunguza kuvu wanaotia mahindi sumu, ameona tangazo la kazi ya utafiti chuo kikuu. Miaka miwili, maabara yake mwenyewe. Maombi yanafungwa leo, saa kumi na mbili jioni.

— Kasoma mpaka vitabu vimekwisha, — akasema Kinyozi. — Sasa anaajiriwa akasome tena?

— Hasomi, anatafiti. Wewe ulijifunza kunyoa, sasa unanyoa.

— Mimi sikupewa cheti.

— Inaonekana, — nikasema.

Karani, mstaafu wa mahakama, akauliza wadhamini wangapi wanatakiwa. Watatu, na maprofesa wake wameshatuma barua. Karani akasikitika. Watatu ni wachache, kidole kimoja hakivunji chawa. Na benchi zima litie sahihi. Akaanza kuandika palepale. Kinyozi akataka iandikwe kwamba kichwa cha binti anakijua tangu utotoni, ndani na nje, na hakina kasoro. Fundi akaapa kwamba ndani ya mwezi mpwa wake atakuwa mkuu wa chuo, na tawi la kwanza litafunguliwa hapa kijiweni. Kinyozi akatoa chumba chake cha nyuma kifugiwe kuvu. Nikamwambia wameshaanza kujifuga wenyewe.

Nikawakumbusha kwamba saa kumi na moja imepita. Karani hata hakuinua kichwa.

— Haraka haraka haina baraka. Riziki ya mtu haipotei.

Ndipo binti akatokea, anahema, jasho linamtiririka.

— Shikamooni. Mjomba, kompyuta yangu imewaka?

Alikuwa ameiacha kwa mjomba asubuhi, maombi yote yamo humo. Sote tukageuka kumtazama Karani, maana ilikuwa mapajani pake. Alikuwa ameifanya meza ya kuandikia barua, na kikombe changu cha kahawa kikiwa juu yake.

Fundi aliona aibu, nami nilimwonea huruma, ingawa alistahili. Akaikwapua, akaingia kibandani. Tukasikia bisibisi ikianguka mara mbili. Binti akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

Ikawaka saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Binti akatuma kasoro dakika moja, kisha akaketi chini kabisa.

Karani akamsogelea na karatasi yake yenye doa la duara la kikombe.

— Na hii yetu, mwanangu? Haijachelewa?

Binti akaisoma yote, mpaka habari za kichwa chake. Akaikunja vizuri, akaitia mkobani.

— Hii siwapi wale wa chuo, babu. Hii ni yangu.