Mwanga Unasukuma: Kumbukumbu ya Jaribu Mabruki wa Wawi

Hakuwa na mkarafuu hata mmoja. Hakuwa na cheti cha skuli. Hakuwa na saa, wala miwani, wala mtoto wa kiume. Hakuwa na Kiingereza zaidi ya maneno yaliyopigwa chapa kwenye madebe ya mafuta ya taa. Na katika nusu ya pili ya maisha yake, hakuwa na jirani aliyekubali kula chakula cha nyumbani kwake.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Jaribu bin Mabruki wa Wawi, kisiwani Pemba. Tumemzika Jumanne iliyopita. Narudia kwa wale waliochelewa kufungua redio: Jaribu Mabruki, mwasha taa wa mji wa Chake Chake. Mazikoni tulikuwa wachache. Jeneza lilibebwa na walewale, kutoka nyumbani mpaka kaburini, bila wa kuwapokea. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii nizungumze habari zake.

Kazi yake ilikuwa taa. Kila alasiri alitoka Wawi kwa miguu, ngazi begani, debe mkononi, na kitambaa cha kufutia vioo kimefungwa kiunoni. Magharibi ikiadhiniwa, taa zote za barabarani zilikuwa zinawaka. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kujiheshimu. Ukimwambia "taa yako haiwaki vizuri" alinuna wiki nzima.

Lakini taa hazikuwa mwanzo wa habari yake. Mwanzo ni mwaka 1910, Jaribu akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka ule ilitokea nyota yenye mkia. Watu waliogopa. Bibi yake, Bi Mwanawema, alimfunika uso kwa kanga asiione. Yeye akachungulia. Ilikuwa alfajiri, jua halijatoka, na mkia wa ile nyota ulielekea juu, mbali na kule jua linakotokea. Ulikuwa kama moshi unaopulizwa. Jaribu akauliza, "Bibi, nani anaupuliza?" Bi Mwanawema akamfunika tena.

Swali lile alikaa nalo miaka kumi na tisa.

Mwaka 1929 tulifunguliwa darasa la usiku pale Chake Chake. Nami nilikuwamo, na nalisema kwa fahari, maana hiki Kiswahili mnachokisikia nilikipata kwenye benchi lile. Jaribu alikaa mbele yangu. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Othman, kijana kutoka Unguja. Siku moja alituambia kwamba kuna watu Ulaya wanaoandika juu ya vyombo vya kwenda mwezini. Vitakwenda kwa baruti, alisema, kama fataki. Moto unatoka nyuma, chombo kinakwenda mbele.

Jaribu akanyoosha mkono. "Na baruti ikimalizika njiani, Mwalimu?"

"Itakuwa imemalizika, Jaribu."

Tukacheka. Jaribu hakucheka. "Basi kile kinachosukuma mkia wa ile nyota, na kisukume chombo. Hicho hakimaliziki."

"Kitu gani hicho?"

"Mwanga."

Mwalimu Othman akaweka chaki chini. Akasema wako wataalamu wanaoamini hivyo, kwamba mwanga wa jua unasukuma, na kwamba mkia wa nyota ile ni ushahidi wao. Lakini msukumo wenyewe ni mdogo mno, na huku chini hewa inaufunika. Huko juu ambako hakuna hewa, labda. Kisha akaturudisha kwenye hesabu.

Jaribu hakurudi. Akaanza kuokota zile karatasi za kung'aa zinazokuwa ndani ya pakiti za sigara. Alizinyoosha kwa ukucha na kuziunganisha moja moja mpaka zikawa shuka pana, jepesi, linalomeremeta. Alilitundika chumbani. Alisema chombo chake kitavutwa na shuka kama lile, ila kubwa kuliko Wawi nzima. Kitaanza polepole kuliko konokono. Lakini jua halichoki, na kila siku kitaongeza mwendo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipoharibika. Jaribu angeweza kusema "nuru". Mwalimu alimwambia hivyo. Akakataa. "Nuru ni neno la msikitini," alisema. "Silitii kwenye mashine." Angeweza kusema "mwangaza". Akakataa pia. "Mwangaza ni ule unaouona ukutani. Mie nasema kitu chenyewe." Basi akashika neno lake: mwanga.

Na kwetu Pemba mnajua neno hilo lina mzigo gani. Mwanga ni huu unaotoka kwenye taa. Na mwanga ni mchawi, yule anayesemwa kwamba hutembea usiku na kuruka juu ya mapaa. Kinachotenganisha ni herufi moja. Huu unasukuma. Huyu anasukuma.

Mwanzoni yalikuwa mzaha. Pale Tibirinzi, chini ya taa ya kwanza, alikuwa akisimama Matano, mchuuzi wa samaki kutoka Wambaa. Mdomo wake ulijulikana kisiwa kizima.

"Yakhe Jaribu! Huyo mwanga wako ana nguvu?"

"Una nguvu," Jaribu akamsahihisha kutoka juu ya ngazi.

"Nina nguvu? Mie? Mie hili tenga tu limenishinda!"

"Si wewe. Mwanga. Mwanga una nguvu."

"Ah, basi mwambie aje anibebee samaki!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Jaribu alifuta kioo chake, akashuka, akaenda taa ya pili.

Kisha ikaja gilasi. Premji, fundi saa wa Chake Chake, alikuwa nayo dirishani pa duka lake. Ilitoka Bombay. Ilikuwa tufe la kioo, dogo kama nazi, ndani yake vipande vinne vyepesi vimesimama juu ya sindano. Kila kipande upande mmoja cheusi, upande mmoja cheupe. Jua likilipiga, vile vipande vinazunguka. Hakuna mkono, hakuna uzi, hakuna ufunguo. Watu waliiita kizunguzungu cha Premji. Mkewe, Shardaben, aliichukia. Wateja walikuwa wakivuka barabara ili wasipite mbele yake.

"Chukua weye, Bwana Jaribu," Premji alimwambia. "Mke wangu anasema ama hii, ama yeye. Karatasi ya kwenye sanduku imeandika ndani hewa imetolewa, mwanga ndio unasukuma. Wewe na huyo mwanga mtaelewana."

Jaribu aliibeba mpaka Wawi ndani ya kofia yake. Akaiweka dirishani, jua likaingia, ikazunguka. Mwanawe, Bi Mwanaasha, ameniambia wiki hii, "Siku ile ndiyo pekee nimemuona baba analia. Alisema, 'Bibi angekuwa hai ningemjibu.'"

Alimwonyesha kila aliyepita. Huo ndio ushahidi, alisema. Mwanga unasukuma, na mimi nimeuona.

Mtu anayetoka nyumbani jua likielekea kuchwa. Mtu mwenye shuka linalomeremeta chumbani. Mtu mwenye kitu kinachojizungusha dirishani. Na anasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mwanga una nguvu. Wasikilizaji wapendwa, mnajua yaliyofuata. Mama waliita watoto ndani wakiona ngazi yake. Ramadhani ya mwaka ule mkewe, Bi Mwatima, alipeleka futari kwa jirani kama kawaida. Sahani ilirudi imefunikwa kwa kawa, kama ilivyokwenda. Haikufunuliwa.

Mwaka 1936 Mwanaasha alikuwa ameposwa na Mmanga, mtoto wa Mzee Ame wa Wambaa. Posa ilikwisha kubaliwa. Nguo zilikwisha shonwa. Mzee Ame akaja Wawi, na alikuja kwa wema, Mwanaasha alisikia kila neno nyuma ya pazia.

"Jaribu ndugu yangu, mie siyasadiki. Lakini kwangu hakulaliki. Sema neno moja tu mbele ya watu, baada ya Ijumaa. Sema umekosea, hakuna mwanga anayesukuma kitu. Na hiyo gilasi uivunje. Yaishe."

"Mwanga anayesukuma hakuna. Hilo nitakuapia sasa hivi," Jaribu akajibu. "Lakini unaosukuma upo. Nimeuona. Shahidi wangu huyo hapo dirishani."

"U! A! Mwanangu ataoa herufi?"

"Siwezi kusema uongo, Mzee Ame."

"Basi harusi hakuna."

Bi Mwatima alimwambia mumewe usiku ule, "Ungesema tu, baba Mwanaasha. Ungesema, halafu ukatubu." Mmanga alioa kwengine baada ya mwezi. Mwanaasha hakuposwa tena. Narudia: binti mmoja, posa moja, na ikavunjika kwa sababu ya gilasi.

Ikaja vita. Mchele ukawa wa foleni. Bi Mwatima alifariki mwaka 1943, na waliokuja kumkosha kabla ya kuzikwa walikuwa dada zake tu. Mwanaasha akajifunza kupiga pasi kanzu za watu. Alizitia wanga, akazinyoosha, zikasimama kama mbao. Wenye kanzu walizipokea nje, mlangoni. Hakuna aliyekubali hata maji.

Ilikuwa masika ya 1946. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, madirisha yamefungwa, chumba kina giza. Gilasi ilikuwa imetulia mezani, haina jua. Mwanaasha aliingia na pasi ya mkaa, akaiweka pembeni yake akunje kanzu. Alipogeuka, vile vipande vilikuwa vinazunguka.

Akaiondoa pasi. Vikasimama. Akairudisha. Vikazunguka.

"Baba," akaita. "Njoo. Hapana mwanga hapa. Na bado inazunguka."

Jaribu alikuja na kusimama. Alimwambia aiondoe pasi, airudishe, aiondoe, airudishe. Aliziba mwanya wa dirisha kwa kitambaa chake cha vioo. Ukabaki mwangaza wa kuonea tu. Gilasi ikazunguka kwa raha zake.

Bi Mwanaasha anasema baba yake alikaa chini sakafuni. Kisha akasema, "Ni joto. Ndani mna hewa iliyobaki, na joto ndilo linaloichezea. Huko juu hakuna hewa. Shahidi wangu hajui alichokishuhudia." Na baadaye kidogo akasema, "Nilimfukuza Mzee Ame kwa gilasi hii."

Alasiri ilipofika alikwenda kuwasha taa, kama siku zote. Alirudi, hakula. Siku ya tatu akasema anataka kumwandikia Mzee Ame.

"Lakini watasema nimekiri," alimwambia binti yake. "Na jina litakalochafuka ni lako."

"Limebaki wapi pa kuchafuka, baba?"

"Mwanaasha."

"Mie nimekaa miaka kumi na gilasi hiyo. Kama ilikuwa inasema jengine, Mzee Ame na ajue. Andika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na waliyoyatabiri yalitimia. Jibu halikuja. Kule Wambaa barua ilisomwa, ikasikika neno moja tu: nilikosea. Ikawa Jaribu amekiri uanga kwa mkono wake mwenyewe. Aliishi na hilo mpaka Jumanne iliyopita. Aliendelea na taa mpaka zilipokuja za umeme. Shuka lake la karatasi za sigara aliliacha palepale ukutani.

Mwaka juzi redio hii ilipotangaza kwamba watu wamefika mwezini, alikuwa kitandani. Mwanaasha alimwamsha amwambie.

"Wamekwenda kwa nini?" akauliza.

"Kwa moto, baba. Wanasema moto unatoka nyuma."

"Baruti," akasema. "Basi bado." Akageukia ukutani.

Kwako Bi Mwanaasha binti Jaribu, kwa shangazi zako na kwa wachache waliobeba jeneza, kituo hiki kinatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampanulie kaburi lake. Na kwetu tulio hai, ninaomba jambo dogo. Leo, kabla hamjalala, kila mmoja amkumbuke mtu aliyewahi kumwambia "hapa nilikosea." Ajiulize alisikia nini. Alisikia mtu mkweli, au alisikia mwenye hatia? Wataalamu wa leo wanasema mwanga unasukuma, kweli unasukuma, kidogo sana. Lakini hilo silo ninalotaka mlifikirie. Jaribu hakuwa na hakika nalo siku ile. Alikuwa na kosa lake tu, na alilipeleka mwenyewe.

Barua yenyewe Bi Mwanaasha anaikumbuka kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyemsomea baba yake kabla haijafungwa. Ilikuwa hivi:

"Kwa Mzee Ame, Wambaa. Baada ya salamu. Gilasi niliyokuonyesha haizunguki kwa mwanga. Inazunguka kwa joto. Nilikosea, na kwa kosa hilo nilimvunjia mwanangu harusi. Sikuandikii ili irudi. Nakuandikia kwa sababu nilikwambia nimeuona, na sikuuona."

Mwanaasha alipomaliza kusoma aliuliza, "Na ile nyota yenye mkia?"

"Ile niliiona," Jaribu akasema. "Ile iache."

Matano alikuwa nje, tenga limekwisha samaki, anangoja barua arudi nayo Wambaa. Hakufanya mzaha siku ile. Mwanaasha alichovya kidole kwenye bakuli la wanga wa kanzu, akapaka ukingo wa bahasha, akaukunja. Akainua pasi, akaikandamiza juu yake mpaka ikashika. Kisha akatoka mvuani, akamkabidhi.

Matano aliipokea kwa mikono miwili. "Ya moto," akasema.

"Itapoa njiani," Mwanaasha akamjibu.

Matano akavua kofia, akaiweka barua ndani, akaivaa tena, akaondoka.