Mbegu za Mama Ukutani

Akina mama wa kikundi, na wazee wetu mliokuja kutusikiliza, shikamooni. Nimeambiwa niseme kwa kifupi. Haya, nitajaribu, ila mnaonifahamu msitegemee sana.

Nilikuwa nakaa na mama yangu hapa hapa Mungaa, mimi na yeye tu. Nyuma ya jiko alikuwa na bustani: nyanya, giligilani kidogo, na mchaichai pale yanapotokea maji ya kuogea. Nyanya zake zilikuwa ndogo, zenye mikunjo, chachu kidogo. Za sokoni aliziita maji yaliyovaa ngozi. Ya kwanza ikiiva, hata niwe kwa jirani, atasimama uani apaze sauti: "Njoo, imeiva!" Na mimi mtu mzima naacha mazungumzo, nakimbia.

Mbegu hakununua. Alichagua nyanya nzuri, akazikamua, akachanganya mbegu na majivu, akazibandika kwenye ukuta wa jiko kwa nje, chini ya paa. Zinakaa pale zikikauka mpaka msimu wa mvua. Wageni walidhani ni uchafu.

Kiangazi kimoja mama akafariki. Ndugu zangu, nawaambia, niliishiwa nguvu. Ninyi mlikuja, Mungu awabariki, mkateka maji, mkapika. Mkaona jiko limechakaa, mkalikandika upya kwa udongo na samadi, ukuta mzima. Ndivyo tunavyofanya, nyumba ya msiba haiachwi na aibu. Usicheke wewe, mkono wako ulikuwemo!

Watu walipotawanyika nikatoka nje, nikauona ukuta umenyooka, safi kabisa. Nililia kuliko siku ya mazishi. Mama nilishamkabidhi kwa Mungu, lakini zile mbegu nilizikabidhi kwa nani? Na ningewaambia nini watu walionifanyia wema?

Nikachokonoa kwa kisu, nikapata vumbi tu. Nikajaribu nyanya za sokoni, kila niliyoonja niliitema. Nikaacha kupika mboga. Mlikuwa mnabisha hodi, najifanya nimelala. Mchaichai nao ukakauka. Nilimkumbuka mama, jamani, nilimkumbuka mpaka mdomoni.

Mvua za kwanza zikaja na upepo, zikaupiga ukuta ule. Udongo wenu ukabanduka, ukaanguka mabonge mabonge. Nikasema, kumbe hata kukandika hamjui! Nikauacha pale pale, sikuwa na hamu ya kuzoa. Na uvivu ule, wapendwa, ndio ulioniokoa.

Asubuhi moja napita kwenda chooni, naona vimea vimechomoza kwenye mabonge. Nikadhani magugu. Nikainama ning'oe, nikafikicha jani. Lo, ile harufu! Ilikuwa harufu ya mikono ya mama akitoka bustanini. Nilikaa kwenye matope na kanga yangu nzuri, nalia.

Jirani akanikuta. "Umeanguka?"

"Hapana. Zimeota."

"Nini zimeota?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipomweleza habari ya ukuta, naye akashika kichwa. Mvua ilipokatika mkapokezana kuniletea ndoo za maji, na kisima mnajua kilipo. Uliyeleta samadi, uliyenipa shina jipya la mchaichai, asanteni sana. Mlinikuta nimelala, mkaniamsha kwa kumwagilia.

Ya kwanza ilipoiva nikaikata, nikatia chumvi. Ilikuwa yenyewe, chachu ile ile. Nikageuka nimwambie mama. Nyanya zilirudi, mama hakurudi, na hamu yake ninayo hata sasa nikiwa nimesimama hapa. Lakini napika, nakula, nawafungulia mlango.

Funzo langu ni dogo. Ukienda kumsaidia mfiwa, kabla hujashika udongo, muulize: hapa ukutani kuna nini? Na wewe mfiwa, useme, usiwaachie watu wakisie.

Nimewaletea mbegu, kila mtu ana kifurushi chake, na majivu yake humo humo. Kabandikeni kwenye kuta zenu. Kwa malipo naomba kitu kimoja tu. Ya kwanza ikiiva, usinitumie ujumbe wa simu. Simama uani kwako, paza sauti, nami nitasikia: "Njoo, imeiva!" Ni muda mrefu sana sijaitwa hivyo.