Askofu wa Ndugu Yangu Humam

Bismillahi. Mie Kheiria, dada yake marehemu, nnasoma huku kwa wanawake. Wanaume wananisikia kwa spika huko uani. Sauti yangu ikikatika, msidhani ni kilio peke yake. Ni kuona haya pia.

Marehemu Humam bin Bakhit alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1961. Tulikuja Maskati na wazee wetu mwaka 1974. Alisoma hapa, kisha akapelekwa Uingereza kusomea historia, na huko ndiko alikokutana na askofu wake.

Huyo askofu, jamani, kafa zamani. Ni Stephen Langton, Mwingereza wa miaka mia nane nyuma, aliyesimama pamoja na wakuu wa nchi mpaka mfalme wao akakubali kuwa naye yuko chini ya sheria. Humam aliandika kitabu kizima juu yake, akarudi mwaka 1990, akasomesha chuoni hapa Khoudh mpaka alipostaafu. Akiingia chumbani kwake kuandika husema, "Nnakwenda kwa Askofu." Mkewe Balqis, aliyemuoa mwaka 1992, humjibu, "Msalimie, na mwambie chai tayari." Tulikuwa tukicheka sana.

Mwaka 1998 mume wangu alikufa kwa ajali njia ya Qurayyat. Hata eda haijaisha, Ami Yazid, mkubwa wa ukoo wetu, keshanipangia mume mwengine. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo ila Humam. Tumekaa kwenye sinia la chakula, akasema, "Ami, dini yetu inasema mjane aulizwe. Hata askofu wangu na wenzake walimwandikisha mfalme hivyo hivyo: mjane asilazimishwe kuolewa." Ami akalisukuma sinia. "Unaniletea maneno ya askofu nyumbani kwangu?"

Mie nikaokoka. Yeye akaponzwa na neno moja. Dini ndiyo aliyoitaja mwanzo, lakini watu walilishika lile neno askofu tu, na mwaka haujapinduka ikawa ati Humam katanasari, kawa Mkristo. Tulijua si kweli. Tukanyamaza kwa kumuogopa Ami. Harusini hakualikwa, na tukiswali nyumbani hatukumtanguliza tena. Wallahi, aibu tupu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, Balqis akamuuguza peke yake. Alifariki Alkhamisi, tarehe 9 Januari 2025. Maiti haijatoka ndani, mmoja wetu akamvuta Balqis pembeni: "Kafa Muislamu?" Makaburini Ansab, imamu wa mtaa alisema, wala hakujua nani kauliza nini, "Huyu ndiye aliyekuwa akitufungulia msikiti alfajiri, mpaka maradhi yalipomkataza." Watu wetu wakatazama chini.

Ameacha mjane, Balqis. Watoto wawili, Maan na Ruba. Na mie dada yake. Mola ampokee kwa upole ambao siye hatukumpa.

Na jana, Ami Yazid, nimesikia Balqis naye keshapangiwa mtu, na eda ndiyo kwanza anaianza. Humam hayupo wa kukwambia. Basi nnakwambia mie, kwa spika, watu wote wanasikia: mwacheni akae eda yake, na ikisha, aulizwe.

Ukipenda, niite na mie askofu.