Nilivyomfungia dada yangu maji

Wapendwa, amani iwe nanyi. Mara mbili nimeombwa kusema hapa, nikakataa. Leo nimeinuka mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Mnanijua kama mfuga samaki. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi hapa Ryansoro na mke na watoto watatu. Dada yangu hakukimbia vita. Miaka yote ile alilima shamba la baba, na tuliporudi alinigawia upande wa juu, penye chemchemi, bila kusukumwa na mtu. Mnajua ndugu wangapi walipelekana mahakamani kwa ardhi. Yeye alibaki chini na majimbi yake.

Nikachimba mabwawa mawili, nikafuga perege. Watoto wangu walinenepa, mliwaona. Tamaa ikanishika, nikaongeza la tatu. Kiangazi kilipofika maji hayakutosha, basi nikaziba mfereji unaoshuka bondeni. Kilichomfikia dada ni uchafu tu niliomwaga nikisafisha mabwawa, unanuka samadi.

Akapanda kuniona. "Mdogo wangu, majimbi yananyauka. Nifungulie hata jioni tu."

Nikamjibu, "Samaki watakufa, dada. Majimbi yanaota tena."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisema hivyo huku nanawa miguu kwa maji yake.

Samaki nilikuwa nimewajaza mno, na samadi ya kurutubisha maji nimeizidisha. Asubuhi moja nikawakuta wote wameelea, midomo wazi. Aliyekuja na jembe kunisaidia kuwafukia ni dada. Tulipomaliza akaniaga: anakwenda Muyinga kwa binti yake, maana shambani hapakubaki cha kula. Sikumzuia. Niliona aibu, nikajifanya nimekasirika. Na mfereji sikuufungua. Nilikuwa nangoja vifaranga wengine wa samaki.

Miezi ikapita. Binti yake akanipigia simu, mama ni mgonjwa sana. Nikaenda Muyinga, nikamkuta amelala, amekonda, mkono wake mwepesi kama wa mtoto.

Akaniuliza, "Maji yanashuka?"

Nikasema, "Yanashuka, dada."

Akatabasamu. "Basi nikipona nakuja kupanda."

Kesho yake nikarudi nyumbani, sikuingia hata ndani. Nikachukua jembe, nikaanza kubomoa kizuizi cha mfereji. Majirani wa bondeni, wale niliowakausha pamoja naye, waliniona nalia, wakaja na majembe yao. Siku ya tatu maji yakafika shambani kwake. Jioni ile ile simu ikapigwa kutoka Muyinga. Dada alikuwa amefariki.

Sijui kama alijua kwamba nilimdanganya.

Leo nina bwawa moja tu. Samaki ni wachache, wanatutosha. Maji machafu nayapitisha kwanza kwenye bustani ya mboga, alivyonifundisha bwana shamba, na yaliyobaki yanashuka yakiwa safi. Namshukuru. Nawashukuru majirani, mlinisaidia kabla sijaomba msamaha. Na binti wa dada, ambaye amerudi kulima shamba la mama yake: nilimweleza yote, akanisogezea kigoda, akasema, "Mjomba, kaa tule." Mungu akulipe, mwanangu.

Mwenye kutaka kufuga samaki, nitamfundisha. Ila kabla hujachimba, shuka bondeni, umuulize anayeishi chini yako anahitaji maji kiasi gani. Muulize angali anaweza kukujibu.