Kasimiri Kauzeni, Aliyetusemea

Padri, wazee wangu, majirani wa hapa mjini, Malangali, na ninyi mliotoka Kate tangu jana, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Zita, mdogo wake marehemu. Watoto wake waliandika wasifu wakanipa niusome. Ni mzuri, lakini kuna jambo waliliruka kwa kuogopa watu. Mimi siliruki. Mtanisamehe.

Kaka Kasimiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1928 kijijini kwetu, upande wa Kate, mtoto wa pili wa Mzee Kauzeni na Mama Luciana. Mbele yake alikuwapo kaka Leonardi, nyuma yake nikaja mimi. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1938 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1943. Mwalimu alikisifu Kiswahili chake, bibi yetu akakisifu Kifipa chake, na kila mmoja alidhani huyu mtoto ni wa upande wake.

Mwaka 1951 aliajiriwa kama tarishi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, akapanda hadi kuwa karani. Siku za likizo alishuka Kirando kununua dagaa. Kule alikuwa mtu wa kelele na matani, maana alisema ukiongea na wachuuzi wa ziwani kwa upole watakuuzia mchanga. Ofisini ilikuwa "Ndugu" huku na "Ndugu" kule, shingo imenyooka. Mbele ya wazee wetu sauti ilishuka, ungedhani anaungama. Wifi yangu Bertilla, aliyefunga naye ndoa kanisani Kate tarehe 5 Septemba 1953, alizoea kumuuliza mlangoni, "Haya, leo amerudi Kasimiri yupi?" Lakini siku ya posa, mbele ya wakwe, maneno yote yalimkauka. Kaka Leonardi ndiye aliyemsemea. Walipendana sana wale wawili, jamani.

Sasa lile lililorukwa. Jumanne tarehe 4 Juni 1974 afisa alikuja kijijini kwetu na lori na askari wawili. Jina lake silitaji. Kaka Kasimiri alikuja naye kama mkalimani, maana afisa hakujua Kifipa hata cha kuombea maji. Amri ilikuwa fupi: ikifika Jumapili, kila kaya iwe imehamia kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba zitakazobaki zitabomolewa. Ulezi ulikuwa shambani umekomaa. Kaka aliutafsiri ujumbe ule taratibu, akitanguliza pole na heshima kwa wazee, na watu wakaanza kunung'unika.

Kaka Leonardi akasimama. Alisema kwa Kifipa, kila mtu akasikia: "Mwambie mgeni wako, baba yangu amelala hapa. Akigusa nyumba yangu nampasua kichwa kwa shoka."

Afisa akageuka. "Anasemaje huyu mzee?"

Jamani, nilikuwa nimeketi karibu, nikamwona kaka Kasimiri jasho linamtoka, na ile ni Juni ya Ufipa, baridi inauma. Akiyasema maneno yale kama yalivyo, ndugu yake anapandishwa lori. Akiyageuza, basi aombe Mungu, kwa sababu askari mmoja, Ambilikile, mtu wa Tukuyu, alikuwa ameoa huku kwetu na Kifipa alikijua vizuri. Wote tulilijua hilo.

"Ndugu Afisa," kaka akasema, "mzee anasema amri ameisikia. Anaomba wiki tatu avune ulezi, kisha ahame na watu wake kwa moyo mmoja."

Ambilikile alimtazama kaka. Alimtazama mpaka mimi nikaanza Salamu Maria moyoni. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kukung'uta vumbi kwenye buti lake. Mungu ambariki yule kijana popote alipo. Afisa akatoa wiki mbili. Tukavuna, usiku na mchana, na mwaka ule hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyelala njaa.

Ila kaka Leonardi alikuwa amefanya kazi mkongeni Tanga miaka sita. Kiswahili alikielewa chote. Lori lilipoondoka alimwambia mdogo wake mbele ya watu, "Umenipigisha magoti kwa mdomo wako. Mimi sikuomba." Hakumsemesha tena miaka tisa. Katikati nilikuwapo mimi, nikibeba maneno. Leonardi akisema, "Mwambie sina ndugu mjini," mimi nilifika Malangali nikasema, "Kaka anakusalimu sana." Ndiyo, nilidanganya. Kila Pasaka nilidanganya.

Kaka Kasimiri alianza kuugua ini mwezi Mei mwaka huu, akalazwa hospitalini hapa mjini. Mwezi Julai nilikwenda Kate kumwita Leonardi. Alijibu, "Nina kazi shambani." Nikarudi nikamwambia mgonjwa, "Anakuja." Alinishika mkono. "Zita, kazi hiyo ya kulainisha maneno nimeifanya miaka mingi kuliko wewe. Niambie alivyosema." Nikamwambia. Akageukia ukutani, na siku ile hakula. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Agosti 1983, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na Bertilla.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Theodory, Epifania na Kristiana, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na kaka yetu Leonardi.

Kaka Leonardi aliingia msibani jana jioni. Alichutama kando ya jeneza, akapiga makofi polepole, kama tunavyomwamkia mkubwa wetu, ingawa mkubwa ni yeye. Kisha akaniita uani akaniambia niandike, na akanionya nisimlainishie hata neno moja. Alisema kwa Kifipa. Kwa ajili ya wageni nayasoma kwa Kiswahili, na wazee wa Kate mtanisahihisha nikipunguza:

"Siku ile ningelala mahabusu, na watoto wangu wangelala njaa. Kasimiri aliniokoa mbele ya watu, nikaona aibu, nikaiita hasira. Nilijua tangu tulipokula ule ulezi. Nilimngoja aje kuniomba radhi, na hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nimechelewa."

Ndiyo hayo. Sikuongeza, sikupunguza.

Kaka Kasimiri, safari hii umeletewa maneno kama yalivyosemwa. Lala kwa amani, ndugu yetu.