Bakuli la Nishon

Pale Margilan, kwenye kona ya tanuri la mikate, kuna kitanda cha mbao kando ya mfereji, na wazee hukikalia tangu asubuhi mpaka wake zao watume watu kuwaita. Mmiminaji chai ni mmoja tu, Mahkam. Na kwao mgeni wa heshima humiminiwa kidogo, ili aongezewe tena na tena. Ukimjazia bakuli hadi ukingoni, umemwambia anywe aende zake. Kabla ya baridi kuanza, Mahkam alimjazia Nishon, rafiki yake wa tangu utotoni, mbele ya watu. Nishon akaondoka bila kuaga, akanuna majira yote ya theluji. Leo miforosadi imechipua, naye amekuja na mkate wa moto kwapani, aombwe radhi yaishe. Mahkam hajafika.

— Umepotea, mzee! — alimpokea shemeji yake Mahkam, waliyempachika jina la Redio kwa kuwa hajui siri ni nini. — Tulidhani tumekosa mazishi yako.

— Nilifukuzwa. Mahkam anitake radhi kwanza.

— Radhi gani? Kwani hukusikia? Nilimpeleka hospitali kule Fergana. Walimvisha kofia ya nyaya, wakamuuliza majina ya watu huku ubongo wake unaonekana kwenye kompyuta. Daktari anasema kijana akitafuta jina, upande mmoja wa ubongo unachangamka. Sisi wazee mara nyingi pande zote mbili zinahangaika, jina ni lile lile! Sasa ubongo wa Mahkam hata kuhangaika umechoka.

— Wapi! — alidakia Palvan, aliyekuwa mpiga mieleka enzi zake. — Ni mto wa kitandani. Ukilalia mto mnene, kumbukumbu zinachuruzika sikioni.

— Wewe ulibwagwa kichwa chini mara nyingi mno, — Redio akamkata. — Jana ulikula nini?

— Pilau.

— Pilau ilikuwa juzi!

— Unaona sasa? Mto huo!

— Ni simu, bwana, — alisema mzee mwingine. — Zinanyonya kumbukumbu. Yangu inajua namba zote, mimi hata ya mke wangu siijui. Imekwenda wapi?

Nishon hakucheka.

— Ilianza lini?

— Kabla ya baridi, — alijibu Redio. — Akawa anatia chumvi kwenye chai, anajaza mabakuli. Mimi kanijazia, nikanywa, nikabaki hapa hapa.

— Mbona hamkuniambia?

— Ulikuja? Kila siku alikuulizia. Nishon yuko wapi, Nishon anaumwa? Baadaye akaacha.

Mkate ulimchoma Nishon kwapani, asiusogeze. Alijuta. Kumbe yeye amekaa jikoni miezi yote ile akipalilia hasira, na mwenzake yuko hapa anamtafuta, kwanza kwa mdomo, kisha kwa kile kichwa kinachochoka.

Mahkam akaja taratibu, akishika ukuta. Akakaa mahali pake, akachukua birika. Bakuli la Redio akalijaza mpaka likamwagika. La Palvan vivyo hivyo. Alipofika kwa Nishon mkono ukasita, akamimina kidogo tu, akampa huku mkono wa pili uko kifuani.

Nishon machozi yakamlenga. Amenikumbuka! Ameniheshimu!

— Karibu, mgeni wetu, — Mahkam akamwambia kwa adabu. — Watokea mji gani?

Redio alifumbua mdomo, akaufumba. Palvan akainama kutazama maji ya mfereji.

Nishon akainywa ile chai, akanyoosha bakuli aongezewe.